Kifutu wa Pori la Baringo

Msafiri ashukaye kutoka milima ya Tugen kwenda Ziwa Baringo hupita katika pori la migunga lenye mawe mengi na majani makavu. Humo hukaa kifutu, nyoka mnene mwenye urefu upatao mita 1, ambaye hafukuzi windo lake bali hulingoja, pengine siku kadha mahali pamoja. Rangi yake ni ya majani yaliyoanguka. Hata harufu yake hufichika: katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2015 huko Afrika ya Kusini, mbwa waliofundishwa walitambua gamba alilojivua, lakini kifutu mwenyewe aliyejilaza wakampita. Akimwona chura, hutoa ulimi na kuuchezesha kama mdudu, mpaka mjinga yule akaribie.

Hatagi mayai, huzaa watoto hai, aghalabu 20 mpaka 40, na mmoja wa asili ya Kenya alizaa 156 katika bustani ya wanyama huko Ucheki.

Panya waharibuo mahindi ni chakula chake, na kwa hilo mkulima anamwia deni. Lakini nyoka wengine wasikiapo vishindo vya miguu hukimbia. Kifutu hutulia tu, hata akanyagwe. Aumwaye huvimba, na nyama huweza kuoza. Jeraha lisichanjwe wala mguu usikazwe kamba. Mgonjwa atulizwe, apelekwe hospitali upesi. Wachungaji warudio jioni hutembea na taa na fimbo. Kifutu huonya kwa kuvuma kama mivukuto ya mhunzi, ila mara nyingi huvuma mguu ukiisha kumfikia.