Filamu Ilipokuwa Ikihadithiwa Mpaka Mwisho

Siku hizi kuna adabu ya kushauriana filamu ambayo kizazi cha mikanda ya VHS hakikuijua: anayependekeza filamu sharti ainyamazie. Anaruhusiwa kusema ni kali, usiikose, itazame usiku taa zikiwa zimezimwa. Haruhusiwi kusema kinachotokea ndani yake, na akigusa mwisho huonekana amemdhulumu mwenzake. Waliokulia Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa katika miaka ya 1980 watakumbuka kinyume chake. Filamu ilipendekezwa kwa kuhadithiwa, tangu stelingi anapotokea hadi adui mkuu anapolala chini, milio ya ngumi ikiwemo, na msikilizaji akishasikia yote ndipo alipokwenda kuutafuta mkanda. Hoja yangu ni kwamba tulipoacha kuhadithiana na kuanza kufichana, maoni yetu juu ya filamu yalikonda, na kwamba adabu hii ya kunyamaza haikutungwa kwa faida ya mtazamaji.

Mazingira ndiyo yaliyotufanya wahadithiaji. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na chake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na deki ya video ilikuwa mali ya nyumba chache katika mtaa. Mkanda mmoja ulizunguka nyumba kwa nyumba, ukanakiliwa mpaka rangi zikachuja. Filamu zenyewe zilitoka Bombay, Hong Kong na Marekani, katika lugha ambazo wengi waliokaa mkekani hawakuzielewa. Asiyehadithiwa kabla angebaki kutazama watu wakilia bila kujua msiba ni wa nani. Kwa hiyo aliyekwisha kuiona filamu, pengine katika ukumbi wa Empire kule Dar es Salaam au Majestic kule Zanzibar, alikuwa na kazi mbili: kuisifu kabla na kuifafanua wakati inaonyeshwa. Hakuna aliyemwambia anyamaze, maana bila yeye picha ilikuwa nusu.

Chukua Sholay ya mwaka 1975, filamu ya Ramesh Sippy inayozidi saa tatu. Sheria ya vijiweni ilisema stelingi hafi, na Sholay ikaivunja: kati ya wale marafiki wawili, Jai wa Amitabh Bachchan anauawa na Veeru wa Dharmendra anabaki. Mhadithiaji hakuweza kulipita jambo hilo kwa kusema tu filamu ni nzuri. Alilazimika kueleza kwa nini kifo kile kimekubalika, na hapo ndipo uhakiki unapoanza, hata kama anayehakiki hajui kwamba anahakiki. Kuna pia ile sarafu. Kila penye uamuzi mgumu Jai hurusha sarafu, na Veeru hukubali bahati ilivyoangukia. Jai akishakufa ndipo Veeru anapogundua kuwa sarafu ina sura moja pande zote mbili. Asiyejua siri hiyo huona mchezo wa bahati. Aliyehadithiwa huona, tangu mrusho wa kwanza, kwamba Jai ndiye anayeamua kila mara huku rafiki yake akidhani ni bahati, na kwenye daraja ambako Jai anakutana na kifo chake anaona mtu akijichagulia kubaki nyuma. Nani kati ya hao wawili ameharibiwa uhondo? Kwa maoni yangu wa pili ndiye aliyetazama filamu nzima, na wa kwanza atahitaji kuirudia ili amfikie.

Desturi hiyo ikazaa mabingwa wa kulipwa. Dar es Salaam ilimpata Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, aliyezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili mbele ya watazamaji wa vibanda vya video, kisha akarekodi sauti yake juu ya mikanda iliyofika hadi majumbani. Uganda ina mavijei wake, akiwemo VJ Jingo, wanaofanya kazi hiyo kwa Kiganda. Kenya ina DJ Afro, ambaye Kiswahili chake kimechanganyika na Sheng. Kuwaita wakalimani ni kuwapunja. Mkalimani hufuata maneno, hawa hufuata kisa: humwonya stelingi asiyesikia, humcheka polisi mzembe, humweleza mtazamaji anachowaza yule aliyenyamaza, na pengine hudokeza yajayo ili ajiandae. Wao ni yule jirani wa mkekani, ila sasa ana kipaza sauti. Ndiyo maana filamu za namna hii zinatajwa pamoja na jina la aliyezitafsiri, na wapo wanaoichagua sauti kabla ya kuichagua filamu. Pendekezo lilikuja na mtu unayemjua ladha yake, na akikuudhi mara mbili ulijua pa kumwepuka.

Filamu za Bongo ziliposhamiri baada ya mwaka 2000, mambo yalianza kugeuka, lakini si mara moja. Nyingi ziliuzwa kwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja katika kasha lake, na aliyepata ya pili bila ya kwanza alimhitaji mhadithiaji kuliko wakati wowote. Kilichohama ni mada. Magazeti ya udaku yalitufundisha kuzungumzia nani anatoka na nani, na Steven Kanumba, kabla na baada ya kifo chake Aprili 2012, aliandikwa zaidi kama mtu maarufu kuliko kama mtengenezaji wa filamu. Kuhadithia kwenyewe kulisalia kwenye tamthilia. Isidingo ya Afrika Kusini kwenye ITV, na baadaye Sultan ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili na Azam TV, zilikuwa na watu wa kuzisimulia kesho yake, saluni na kazini, kwa aliyekuwa jikoni au aliyekatikiwa umeme. Hata Xi Jinping, alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013, aliitaja tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake iliyokuwa imeonyeshwa kwa Kiswahili. Si kila siku rais wa nchi kubwa anasimama jukwaani na kuzungumzia mkwe wa mtu, lakini alijua wasikilizaji wake wanakifahamu kisa.

Sasa adabu ya kuficha ilitoka wapi? Historia yake haipendezi sana kwa wanaoitetea. Mwaka 1955 filamu ya Kifaransa Les Diaboliques ilimalizika kwa maandishi ya kuwaomba watazamaji wasiwaharibie wenzao kwa kusimulia walichoona. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock aliifanya siri ya Psycho kuwa kampeni nzima: hakuna kuingia filamu ikishaanza, na tafadhali usiutoboe mwisho. Yalikuwa matangazo ya biashara, na yalifanya kazi vizuri sana. Majukwaa ya intaneti yalipokuja yaliirithi hali hiyo, na mahali pa maelezo yakaweka alama. Rotten Tomatoes hutoa asilimia, na wengi huisoma kama maksi za mtihani, ingawa inaonyesha tu ni wahakiki wangapi kati ya mia wameipenda filamu, hata kama wote wameipenda kidogo. Netflix, iliyofunguliwa kwa nchi zetu Januari 2016, iliondoa nyota mwaka uliofuata na kuweka dole gumba la juu na la chini. Orodha yake ya kumi bora ilianza mwaka 2020, wakati ambao kampuni hiyo ilihesabu filamu kuwa imetazamwa mtu akifikisha dakika mbili. Jirani wa mkekani angechekwa mtaa mzima kama angeisifu filamu aliyoitazama dakika mbili.

Najua pingamizi lililo zito kuliko yote: mwisho ukishajulikana, hamu inakufa. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitumia hadithi fupi 12, nyingine zikiwa za upelelezi na za mwisho wa kushtukiza, na wakakuta kwamba wasomaji waliodokezwa mwisho walizifurahia zaidi. Tafiti za baadaye zilipata majibu tofauti, kwa hiyo sitaki kuufanya utafiti mmoja kuwa hukumu. Nakubali pia kwamba zipo filamu zinazoishi kwa siri moja, kama The Sixth Sense ya 1999, na anayeitoboa anamnyima mwenzake kitu cha kweli. Ila filamu za namna hiyo ni chache, na hata hiyo ina mengi ya kutazamwa na anayeijua siri. Tumechukua sheria inayozifaa filamu chache tukaifanya adabu ya zote, zikiwemo za mapigano ambazo mtoto wa miaka tisa anajua zitaishaje.

Pingamizi la pili ni la haki. Mikanda iliyonakiliwa na kusimuliwa iliuzwa bila ridhaa ya wenye filamu, na leo flashi zinajazwa filamu madukani kwa njia hiyo hiyo. Huo ni wizi, na waliotengeneza filamu zetu wenyewe wameumizwa nao. Lakini kosa liko kwenye kunakili na kuuza. Mtu kumhadithia jirani yake hakumnyang'anyi mtengenezaji chochote, na mara nyingi humletea mteja. Wengine watasema kibanda cha video, yaani kibanda umiza, kilikuwa cha wanaume na ladha yake ikiwa ngumi na bunduki. Ni kweli, na sikililii kibanda. Nyumbani, walikotazamia pia wanawake na watoto, ndiko kuhadithia kulikokuwa na uhai zaidi, kwa sababu kulikuwa na wa kubisha.

Kubisha ndiko kunakokosekana hata pale kuhadithia kunaporudi. YouTube na TikTok zimejaa watu wanaosimulia filamu nzima kwa Kiswahili katika dakika kumi, na baadhi yao wana kipaji. Hawa wanathibitisha kwamba hamu ya kuhadithiwa haikufa, ila hawakujui, hawasubiri uwajibu, na kwa wasikilizaji wengi simulizi limechukua nafasi ya filamu. Mhadithiaji wa zamani alikuwa anakuita uje mtazame pamoja, na kama ulimwona Veeru mjinga kuamini sarafu ile miaka yote, ulimwambia palepale, naye akamtetea.

Kwa hiyo msomaji, ukiombwa filamu ya Ijumaa usiku, usitume jina na alama ya moto. Uliza kwanza kama kuna siri anayotaka ibaki siri. Kama haipo, mwambie nani anakufa, nani alistahili kufa badala yake, na wapi mwongozaji alichemsha. Akishasikia hayo na bado akataka kuitazama, utakuwa umempa pendekezo.