Mbwa wa Kuokota, Mbwa wa Kuasili

Kiswahili kina maneno ya staha kwa ng'ombe, mbuzi na hata kuku, lakini kwa mbwa kimekuwa bahili. Neno lenyewe ni kongwe mno. Waganda husema embwa, Wanyarwanda husema imbwa, na ukivuka misitu ya Kongo hadi kwa wasemao Kilingala utalikuta mbwa vilevile. Ishara kwamba mababu wa Wabantu waliishi na mnyama huyu kabla hawajatawanyika. Ujirani huo wa maelfu ya miaka haukumwachia heshima. Tukitaka kumdhalilisha mtu twamwita mbwa. Tukitaka kuzidisha, jibwa. Asiye na mwenyewe tukampachika la koko, neno la pwani lenye harufu ya vichaka na mikoko, likapanda nasi hadi huku Dodoma ambako hakuna mkoko hata mmoja.

Nilianza kuyapima maneno haya hapa Makole, baada ya jirani yangu kuhamishwa kikazi. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwa dhati, malori ya mizigo yamekuwa kitu cha kawaida mitaani kwetu: hawa wanaingia, wale wanaondoka. Lori la jirani lilibeba makochi, friji, tangi la maji, hata miche ya zabibu iliyopandwa ndani ya ndoo. Mbwa halikumbeba. Alibaki amelala mbele ya geti lililofungwa kwa kufuli, akiilinda nyumba isiyokuwa na mtu, kwa siku tatu za upepo na vumbi. Siku ya nne nilimpelekea ugali wa dona na vichwa vya dagaa. Alikula akiwa amelitazama geti.

Jina lake hatukuachiwa. Watoto wa mtaani walikaa juu ya ukuta wakamwitia yote wanayoyajua: Simba, Tomi, Bobi, Jimi. Hakugeuka. Binti mmoja mdogo alipotamka Popi, masikio yalisimama. Hatukujua kama ndilo jina lake au alipenda tu mlio wake, lakini tangu hapo akawa Popi, naye akalala upande wetu wa ukuta.

Nikabaki na swali la mtu wa lugha: kitendo hiki niliita nini? Kumfuga? Kufuga ni neno zuri, ila lina hesabu ndani yake. Afugaye hutarajia maziwa, mayai, nyama au ulinzi. Kumwokota? Ndivyo majirani walivyosema, “mbwa wa kuokota”, kama sarafu iliyoanguka njiani. Na kilichookotwa kinaweza kutupwa tena pasipo mtu kuulizwa. Kumlea kulikaribia, lakini mlezi husubiri mleliwa akue aondoke. Lipo neno tulilolitengea binadamu peke yake: kuasili. Katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kumwasili mtoto hakupatikani bila amri ya mahakama, na anayeomba huchunguzwa kwanza. Sikio langu hulisikia neno “asili” ndani yake: unampa kiumbe chimbuko jipya, naye anakuwa wa ukoo wako, si wa ua wako tu.

Wanaoendesha makao ya mbwa waliookolewa hutenda jambo hilohilo hata wasipolitamka hivyo. Karibu na Arusha lipo shirika lililojiita kwa Kiswahili chetu, Mbwa wa Africa. Nairobi, upande wa Karen, wapo KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama chenye mizizi tangu enzi za ukoloni. Mbwa hutibiwa, huchanjwa, hufungwa kizazi, kisha hutafutiwa watu. Kinachonivutia ni kwamba anayetaka mbwa ndiye anayepekuliwa: una ua? Una watoto? Ukisafiri nani atamlisha? London, mwanamke aitwaye Mary Tealby alifungua makao ya mbwa waliopotea mwaka 1860, na magazeti yakamkejeli kwamba huruma yake imepotea njia. Makole hatuna magazeti ya kejeli, tuna vibaraza, navyo vinatosha.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Kondoa kutibiwa macho. Alimwona Popi uani, akasimama na kukunja kanga.

“Mwanangu, na hapa tunapotandika mkeka wa kusalia?”

Nilimwahidi kwamba mbwa hatavuka kizingiti cha jikoni. Akafikiri, kisha akanifundisha kama nilivyofundishwa chuoni utotoni: mbwa mwenyewe si dhambi, mate yake ndiyo yenye shughuli, chombo alichokilamba kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Akachagua sufuria kuukuu akaitenga iwe yake. Jioni, akiwa amekaa akiota upepo, alianza mwenyewe kusimulia habari za vijana wa pangoni na mbwa wao aliyelala mlangoni muda wote waliolala wao, na za mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Hakuwahi kumwita Popi kwa jina. Alimwita “mgeni”. Siku ya tatu akaniambia, “Mgeni siku mbili. Leo alinde kuku.”

Wiki hiyohiyo mtoto wa mtaa wa pili aling'atwa mguuni na mbwa ambaye hakuna aliyemtambua vizuri. Kabla ya jua kuzama walikuwa getini kwetu, mjumbe akiwa mbele, vijana wawili wakiwa na marungu. Mbwa wa kuokota, walisema, nani anajua alikotoka? Sikuwa na jibu la alikotoka zaidi ya geti la pili. Mama ndiye aliyejibu, kwa upole, kama anayemkaribisha mtu chai: “Baba, huyu mgeni wangu hajatoka uani tangu asubuhi. Macho yangu ni mabovu, lakini mnyororo nausikia.”

Niliwauliza kwanza kuhusu mtoto. Jeraha lilikuwa limepakwa majivu. Tuliliosha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka, dakika kumi na tano kamili kwa saa, mtoto akilia na mama yake akilia zaidi, kisha wakaondoka kwa bajaji kwenda kupata chanjo. Chanjo haisubiri uchunguzi, maana dalili za ugonjwa huu zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Daktari wa mifugo naye alitoa agizo lake: Popi afungwe, aangaliwe siku kumi. Mbwa anayeng'ata akiwa na virusi mateni kwa kawaida hazimalizi siku hizo bila kuugua au kufa.

Siku kumi ni ndefu. Nilimtazama akinywa maji kila alfajiri kabla sijaenda kazini, nikihesabu mafunda. Vijana wa marungu walipita kila jioni kuchungulia juu ya ukuta. Sikuwachukia, kwa kuwa hofu yao ina haki. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 99 ya binadamu wanaougua huambukizwa na mbwa. Ila jina tuliloupa ugonjwa, kichaa cha mbwa, limemgeuza mgonjwa kuwa mshtakiwa. Mbwa naye ameumwa na mwingine, naye anakufa kabla yetu. Kinachokata mnyororo si rungu. Ni kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Mbwa aliyeuawa nafasi yake hujazwa na mwingine asiyechanjwa, ilhali aliyechanjwa anasimama kama ukuta kati ya virusi na mtoto. Ndiyo maana nasema mbwa mwenye mtu wake ni jambo la afya ya mtaa, mbali na huruma. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa mnyama, haiwezi kumsaidia mbwa ambaye hakuna anayesema ni wake.

Siku ya kumi na moja mjumbe alikuja peke yake, akamtazama Popi akitikisa mkia, akasema, “Haya,” akaondoka. Mtoto alimaliza sindano zake na sasa anakimbia kama wenzake. Mama alirudi Kondoa na miwani mipya. Kila akipiga simu huuliza watu wote, halafu husita kidogo: “Na mgeni?”

Tarehe 28 Septemba, siku ambayo dunia huadhimisha vita dhidi ya ugonjwa huo, nilimpeleka Popi kuchanjwa. Karani alikuwa na meza yake chini ya mti, daftari na kalamu ya bluu.

“Umemnunua, au amezaliwa kwako?”

“Nimemwasili.”

Akainua kichwa. “Umemhasi? Si jike huyu?”

Nyuma yangu foleni ilicheka, mbwa wakabweka. Nilijaribu kueleza, jirani, lori, geti, hadi karani akachoka kwa heshima. “Aa, mzee, wa kuokota,” akaandika, kisha akageuza daftari ili nitie sahihi pale palipoandikwa jina la mwenye mbwa. Nikatia.

Neno langu, basi, limeshindwa katika jaribio lake la kwanza, na sina hakika kwamba litafaa hata likitamkwa polepole. Ikiwa Tanga, Lamu, Unguja au Bukavu mna jina la mbwa aliyeachwa na mtu mmoja akachukuliwa na mwingine kwa hiari, nitalipokea. Hadi hapo natumia la mama.