Keria ya Kumpakia Mama

Wako watu mjini humu wanaodhani kuwa keria na madigadi ni mapambo ya baiskeli. Kwa yule aendaye sokoni na kurudi kwenye lami, huenda wasemayo ni kweli. Mimi baiskeli yangu huipeleka kwa mama, katika kijiji kimoja cha Kisarawe ambako lami haijafika. Na nikifika humpakia mama mwenyewe hadi zahanati, maana magoti yake hayamruhusu tena kwenda kwa miguu.

Keria iliyokuja na baiskeli ilikuwa ya bati, imeshikiliwa kwa kibano chini ya kiti. Nilimwomba fundi anitengenezee nyingine ya nondo, yenye miguu inayoshuka pande zote mbili hadi kwenye ekseli ya nyuma. Uzito wa mtu sharti ufike huko chini. Ukiachiwa kibano peke yake, siku moja kitateleza na keria itakalia tairi. Fundi alitia bolti ndefu upande wa cheni, akidai kuwa ndefu ndiyo imara.

“Fundi, ncha yake itagusa cheni,” nikamwambia.

Akacheka, akazungusha pedali. Cheni ikakwaruza. Akachukua msumeno bila kusema neno.

Madigadi, hasa, ndiyo yaliyotaka subira. Mafundi wengi huyabana karibu na tairi ili yapendeze macho. Masika yakija, kati ya Machi na Mei, udongo wa mfinyanzi hujaa katika nafasi hiyo finyu, gurudumu likagoma, na msafiri akabaki akichokoa tope kwa kijiti. Sisi tuliacha nafasi ya vidole viwili. Mbele tukaongeza ulimi wa mpira ili tope lisirukie miguu na cheni.

Lakini lililonitia hofu kuliko yote ni kanga. Mama hukaa upande, na pindo la kanga hupepea jirani na spoki. Likinaswa, abiria huvutwa chini kabla dereva hajashika breki. Kwa hiyo tulifunga wavu wa waya pande zote mbili, kutoka keria hadi karibu na ekseli, pamoja na kipande cha nondo cha kukanyagia.

Nati mpya hulegea upesi njiani, hivyo spana haitoki mfukoni mwangu.

Mama alipoiona keria aliishika, akaitikisa kwa nguvu, kisha akauliza mto wa kukalia uko wapi. Tukakunja gunia, tukalifunga kwa kamba.