Kabla ya bendera, mpe msanii mkataba

Hapa Lubumbashi sanaa haikosi. Tuna Biennale iliyoanza mwaka 2008. Tuna michezo ya kuigiza ya Kiswahili iliyopata jina kupitia kundi la Mufwankolo. Tuna vijana wanaocheza dansi katika nyua za Katuba na Kenya. Kati ya wasanii hao wamo wanaopenda watu wa jinsia yao, na wamo wasiojiona katika jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. Wapo tangu zamani. Swali langu kwa vituo vyetu vya sanaa ni kama wanaweza kufanya kazi kwa amani.

Mcheza dansi mmoja alinieleza yaliyompata. Uvumi juu yake ulifika kwenye kikundi chake. Hakuna aliyemfukuza. Siku ya mazoezi ilibadilishwa tu, na hakuna aliyempigia simu. Onyesho lilipofika, nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Majuma sita ya mazoezi hakulipwa hata franka moja. Kudai hakuweza, maana kudai ni kusimama mbele ya watu na kueleza kwa nini aliondolewa.

Nilimwuliza kituo cha sanaa kingemsaidiaje. Nilidhani ataomba tangazo la kumtetea. Akajibu: «Kontra, yaya. Karatasi yenye saini.»

Jibu hilo nimelifikiria sana. Mkataba unaotaja malipo, tarehe, na kwamba mtu ataondolewa kwa sababu ya kazi tu, hauhitaji kutaja maisha ya mtu. Unamlinda yeye, na unamlinda pia mama mwenye watoto anayeimba kwenye kikundi hicho hicho.

Jambo la pili ni siri. Vituo vingi vinaishi kwa misaada ya nje, na wafadhili wanapenda picha. Mgeni akisharudi Ulaya na ripoti yake, msanii anabaki kwenye kartie, na picha inazunguka kwenye WhatsApp. Kwa hiyo mwulizeni kwanza: jina gani liandikwe kwenye afishi? Picha ipigwe au isipigwe? Orodha ya waliohudhuria inabaki kwa nani? Akisema hapana, iwe hapana, hata kama mfadhili atakunja uso.

La tatu ni njia ya kurudi nyumbani. Mazoezi yakiisha saa tatu usiku, mtu anayetukanwa barabarani anahitaji nauli ya teksi zaidi ya hotuba. Iwekeni kwenye bajeti.

La nne, msimlazimishe kila mara kucheza maumivu yake. Akitaka kutunga dansi juu ya migodi ya shaba au juu ya bibi yake, mwacheni. Ni msanii kwanza.

Tena viongozi wajue sheria. Kanuni yetu ya adhabu haina kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, lakini kifungu cha 176, juu ya maadili ya hadharani, kimetumiwa kuwatisha watu. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha ya faragha; kifungu cha 46 kinalinda uhuru wa kutunga, ila kinadai kuheshimu sheria, utulivu na maadili. Mlango huo ni mwembamba. Kila kituo kiwe na namba ya avoka anayekubali kupigiwa usiku, kabla shida haijatokea.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya wazungu. Simwombi mkuu wa kituo abadilishe mafundisho ya kanisa lake. Naomba aliyetoa jasho alipwe, na aliyekuja kucheza asipigwe mlangoni. Hata wazee wetu hawakuona vizuri kumla mtu jasho lake.

Bendera ukutani inaweza kupendeza wageni, na siku ya hasira ndiyo itakayowaonyesha watu wapi pa kurusha mawe. Mkataba unakaa kabatini, na mtu anakula. Wakuu wa vituo, kabla ya msimu ujao haujaanza, kaeni na wasanii wenu muandike kanuni hizi kwenye ukurasa mmoja. Zisomwe kwa Kiswahili, mbele ya wote, siku ya kwanza ya mazoezi.