Misikiti ya Kua: safari inayoanzia Nyamisati

Familia inayotoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa hukata kushoto Bungu, wilayani Kibiti, na kushuka hadi bandari ya Nyamisati. Wengi hufika hapo wakiwaza samaki na fukwe za Mafia. Wachache huwaza misikiti ya Kua, na hao ndio wanaofaidi zaidi.

Chombo kinapita kwanza katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji. Watoto waangalie miti ile vizuri, kwani ndiyo iliyokuwa mapaa ya miji ya kale. Delta hii ilikuwa ghala la boriti. Majahazi yalizipeleka hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi. Kwa kuwa boriti haiendi mbali, vyumba vya nyumba za mawe za pwani vilijengwa virefu na vyembamba, upana wa mita tatu hivi. Msikiti uliotaka nafasi zaidi uliwekewa nguzo katikati.

Kutoka Kilindoni ni gari hadi Utende, kisha mashua hadi kisiwa cha Juani. Nahodha husubiri maji yajae, na hapo haraka ya mtu wa mjini haisaidii kitu.

Kua ulikuwa mji wa mawe ya matumbawe na chokaa. Jumba la ghorofa bado limesimama nusu, na misikiti imetawanyika vichakani. Mtoto aambiwe atafute mihrabu: akiipata amepata kaskazini, kwani huku kwetu kibla kiko upande huo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walivuka kutoka Madagaska kwa mitumbwi, wakauvamia mji, wakaua na kuchukua watumwa. Kua haukurudi tena. Makazi yakahamia kisiwa jirani cha Chole.

Wazee wa Mafia wana hadithi nyingine. Husimulia kuwa watu wa Kisimani waliwaalika wa Kua kushusha jahazi, wakawalaza watoto wa wageni mchangani na kulipitisha juu yao. Wa Kua walinyamaza miaka, kisha wakawaalika wa Kisimani harusini na kuwajengea ukuta wakiwa ndani. Kwa mtoto wa miaka sita hadithi hii ingoje kidogo.

Kisimani yenyewe, iliyotazamana na delta, imeliwa na bahari. Kua inaliwa na mizizi, inayopenya kwenye chokaa na kupasua ukuta taratibu. Huko Assisi, Italia, tetemeko la 1997 liliangusha sehemu ya dari ya Basilika ya Mtakatifu Fransisko, na mwaka 1999 kanisa likafunguliwa tena. Karibu zaidi, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa mwaka 2004 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini, yakakarabatiwa, yakatolewa mwaka 2014. Kwa hiyo inawezekana. Kua haina jina kubwa kama hayo, na ukuta ukianguka huko hakuna gazeti linaloandika.

Wageni wavae viatu vya kufunika vidole, wabebe maji ya kunywa, wamchukue mwongozo wa kisiwani, na watoto wasipande kuta. Jiwe lolote lililoanguka liachwe lilipo.