Krediti sita za dada zilivyomeza ada yangu

Hebu sema ukweli wako. Una ndugu yuko Marekani, anabeba boksi, na kila mwisho wa mwezi anawakumbuka na chochote. Siku moja anapiga simu: "Jamani, mwezi wa sita na wa saba msinitegemee, naenda Hispania wiki sita kusoma Kihispania." Utasemaje? Bongo hapa jibu ni moja tu. Huyo anaenda kula kuku kwa mrija, hayo masomo ni changa la macho.

Kwetu Tandika ndivyo ilivyokuwa mwaka 2023. Na mwenye haki ya kulia kuliko wote nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeshapata nafasi ya kusoma uandishi wa habari, na dada alikuwa ameahidi kulipa ada ya mwaka wa kwanza. Ada hiyo hiyo ndiyo iliyopanda ndege kwenda Hispania. Ndugu zangu, si mchezo.

Nimeamua kuandika habari hii kwa sababu vijana wengi mjini tuna watu huko Mtoni, tunawahesabia mshiko wao lakini hatujui hesabu wanazopiga wenyewe. Na hesabu ya masomo ya Marekani ina neno moja ambalo usipolielewa utagombana na ndugu yako bure. Neno lenyewe ni krediti.

Dada aliondoka mwaka 2018 kwa bahati nasibu ya green card, akatua Houston, Texas. Usiku alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, mchana yuko darasani. Alianzia chuo cha miaka miwili, ambacho ni nafuu, kisha akahamia chuo kikuu kusomea afya ya jamii. Kule hawakuulizi uko mwaka wa ngapi, wanakuuliza una krediti ngapi. Shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120. Somo moja la kawaida lina krediti tatu, maana yake ukae darasani saa kama 45 kwa muhula, na nyumbani ujisomee saa nyingi zaidi ya hizo.

Mama nilimweleza kwa lugha ya ujenzi, maana wakati ule alikuwa anajenga Chanika na nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta. Nikamwambia, "Mama, krediti ni tofali. Dada anahitaji tofali 120. Amepanga 102. Bila tofali ya mwisho hakuna paa, na bila paa hakuna anayekuhesabia kuwa una nyumba." Mama akaguna. Hapo alinielewa.

Sasa sikilizeni mahali penye utata. Zilizobaki zilikuwa krediti 18. Kumi na mbili angezimaliza katika muhula wa kuanzia Agosti hadi Desemba. Sita zilikuwa za Kihispania, masomo mawili, la tatu na la nne. Huwezi kusoma la nne kabla hujafaulu la tatu, kama vile huwezi kupaua kabla ya kufunga lenta. Kwa hiyo akibaki Houston, angesoma la tatu kabla ya Desemba na la nne baada ya Januari, ahitimu Mei 2024. Nusu mwaka mzima anasubiri somo moja, ada inakwenda, na kazi ya usiku kwa mshahara ule ule.

Njia ya mkato ilikuwa Salamanca. Chuo chake kilikuwa na msafara wa wanafunzi unaokwenda huko kila kiangazi na mwalimu wao. Hesabu yake ni nyepesi: darasani saa tatu kila siku, siku tano kwa wiki, wiki sita. Piga mwenyewe. Ni saa 90, yaani masomo mawili, krediti sita. Anarudi mwezi wa nane tofali zote sita ziko mkononi, na Desemba anavaa joho.

Mjomba hakukubali. Tulikaa barazani, mzee akavua kofia, akauliza swali ambalo hata mimi lilinichoma. "Nasikia huko Houston hao wanaosema Kihispania wamejaa tele. Kwa nini asijifunze kwao bure?"

Mjomba alikuwa na hoja. Marekani ina watu zaidi ya milioni 40 wanaozungumza Kihispania majumbani mwao, na Texas wako wengi kupindukia. Dada mwenyewe alianza kukijua kazini, si darasani. Neno la kwanza alilolikamata lilikuwa "dolor", maumivu, kutoka kwa bibi mmoja mzaliwa wa Mexico aliyekuwa halali usiku. Lakini maneno unayookota kazini hayaandikwi mahali popote. Chuo kinahesabu kile kilichokubali kukihesabu. Kuna mtihani unaitwa CLEP, unatolewa na College Board, ambao mtu anayejua Kihispania anaweza kuufanya akapewa krediti bila kukalia dawati. Ila kila chuo kina sheria yake kuhusu alama na idadi ya krediti, na Kihispania cha dada cha kumgeuza mgonjwa kitandani kilikuwa hakijafika kiwango hicho.

Halafu kuna jambo lililomuudhi Mama kuliko yote. Dada anasema Kiswahili, Kiingereza na Kizaramo. Lugha tatu! Wamarekani wengi darasani kwake walikuwa na moja. Akaenda kwa mshauri wake wa masomo kuuliza, kwa nini Kiswahili changu kisitoshe? Akajibiwa kwamba kinaweza kumwondolea sharti la lugha, lakini hakimpi krediti hata moja. Yaani ataruhusiwa kuruka ukuta huo, ila tofali sita atazitafuta kwingine. Akaona kama ni kuzitafuta, bora azipate kwenye lugha ya wagonjwa wake.

Mama akasema, "Kwa hiyo Kiswahili changu nilichomnyonyesha hakina thamani?" Nikamwambia kina thamani, ila inategemea nani anakisoma. Nendeni Zanzibar kiangazi mkaone. Wale vijana wa Kimarekani wanaopita Forodhani na madaftari, wanaomba mkate wa ufuta kwa Kiswahili cha kuvunjavunja huku muuzaji akicheka, wengi wao wako kwenye hesabu hiyo hiyo. Wanakaa na familia, wanakula urojo, na wakirudi kwao wanaandikiwa krediti. Mchezo huu si wa jana. Mwaka 1923 chuo kikuu cha Delaware kiliwapeleka vijana wanane Ufaransa kwa mwaka mzima, na masomo yao yakahesabiwa kwao nyumbani. Ndiyo mbegu yenyewe. Leo Hispania ni miongoni mwa nchi zinazopokea wanafunzi wengi zaidi kutoka Marekani.

Basi, kwa unyonge, kikao kilikubali. Mjomba aliondoka bila kunywa chai.

Msidhani dada alipakia sanduku akaondoka kama wenzake. Wale wenye pasi za Marekani walinunua tiketi, kwisha kazi. Dada pasi yake ilikuwa ya Tanzania, na green card haikufungulii mlango wa Ulaya. Ilibidi aombe viza ya Schengen: ada yake wakati ule Euro 80, bima ya matibabu isiyopungua Euro 30,000, taarifa za benki, barua ya chuo, alama za vidole. Hata ruzuku ilikuwa na ubaguzi wake wa karatasi. Serikali ya Marekani ina ufadhili unaoitwa Gilman kwa wanafunzi wa kipato cha chini wanaokwenda kusoma nje, lakini ni kwa raia tu. Kilichomwokoa ni kwamba msaada wa masomo wa serikali, ambao mwenye green card anaupata, unaweza kutumika nje ya nchi iwapo chuo chako kimeikubali safari hiyo kuwa sehemu ya shahada yako. Uliziba pengo kubwa. Lililobaki liliziba ada yangu, pamoja na mishahara ya wiki sita ambayo hakuipata.

Salamanca iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Madrid. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1218, na mwaka 2018 kilitimiza miaka 800. Mlangoni mwa jengo lake la kale kuna mchongo wa chura mdogo juu ya fuvu, na wanafunzi husema ukimwona bila kuonyeshwa utafaulu mtihani. Dada alimtafuta siku tatu. Alifikia kwa mama mmoja mjane aliyekuwa anapokea wanafunzi, hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Chakula cha mchana saa nane au saa tisa, cha usiku saa nne. Dada anasema wiki ya kwanza alilala na njaa na kamusi.

Lakini wiki ya pili akaanza kunipigia simu kwa furaha. "We mtoto, hawa watu ni ndugu zetu!" Irabu zao ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa kama zetu; Wamarekani wakihangaika kuzitamka, yeye anateleza tu. Waarabu walitawala sehemu za Hispania kuanzia mwaka 711, na utawala wao wa mwisho ulianguka Granada mwaka 1492, kwa hiyo waliacha maneno kule kama walivyoyaacha pwani kwetu. Sukari wao wanasema "azúcar". Zaituni ni "aceituna". Meza ni "mesa", ila hiyo sisi tulipewa na Wareno. Na wakitaka jambo litokee wanasema "ojalá", neno lililotoka kwa Waarabu likiwa na jina la Mungu ndani yake, kama inshallah yetu.

Mwalimu aliwauliza darasani nani anajua asili ya neno hilo. Mkono ulionyooka ulikuwa wa mtoto wa Tandika. Kiswahili kile kisichopewa krediti ndicho kilichomsaidia kuzipata za Kihispania.

Alifaulu masomo yote mawili. Desemba 2023 akavaa joho, na Januari 2024 akaanza kazi kwenye kliniki inayohudumia wahamiaji, mchana, kwa mshahara uliopita ule wa usiku. Walimwajiri, anasema, kwa sababu ya shahada na kwa sababu ya Kihispania. Kama angesubiri Houston, wakati huo ndiyo kwanza angekuwa anaingia kwenye somo la nne.

Kwa hiyo nawaambieni vijana wenzangu. Ukiwa na ndugu huko, au wewe mwenyewe Mungu akikufungulia njia, usiulize kwanza mji ni mzuri kiasi gani. Uliza mambo matatu. La kwanza, chuo changu kimekubali kwa maandishi, kabla sijaondoka, kwamba masomo haya yatahesabiwa? La pili, yatahesabiwa kama masomo ninayodaiwa kwenye shahada yangu, au kama ya ziada tu ya kujazia? La tatu, alama nitakayopata itaandikwa, au itaandikwa nimefaulu basi? Pale Antigua, Guatemala, kuna shule nyingi za Kihispania, mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, unakaa na familia na bei ni ya chini. Utaijua lugha, hakuna ubishi. Lakini kama chuo chako hakina makubaliano na shule hiyo, utarudi na lugha bila krediti. Kwa mtu anayetaka lugha tu, sawa. Kwa mtu ambaye Mama yake yuko Chanika anasubiri mabati, hapana.

Mnataka kujua ada yangu iliishia wapi? Mshahara mpya wa dada ulipoanza kuingia, kitu cha kwanza kilikuwa mabati ya Mama, na hakuna mtoto mwenye akili anayebishana na paa la mama yake. Baadaye ikaja ada ya mdogo wetu aliyeingia sekondari ya bweni. Mimi niko kwenye foleni. Nafasi yangu ya chuo ilipotea na mwaka wake, nitaomba upya. Kwa sasa naandika makala kama hii, nalipwa kwa makala, na siku nyingine nalipwa kwa ahadi.

Sina kinyongo na dada, lakini nahesabu. Nimemwambia kwamba nilimtetea barazani nikiwa na tumbo joto, na kwamba zamu yangu nayo tuiandike kwenye karatasi, kama chuo chake kilivyomwandikia. Akacheka. Akasema, "Ojalá." Nikamwambia hiyo si tarehe, dada. Taja mwezi.