Thamosi ya Mama

Bwawa la Solai lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, msimu ambao mvua ilikataa kukatika. Maji yalishukia vijiji vya Nyakinyua na Energy, yakazoa nyumba, ng'ombe na watu zaidi ya 40, wakiwemo watoto wengi. Siku mbili baadaye Mama alijaza chai kwenye thamosi nne, akajifunga leso, akaniambia twende. Nilikuwa nimeacha chuo mwezi uliotangulia, kwa hivyo sikuwa na kisingizio.

Nilidhani ataomba. Mama alikuwa na maombi marefu, yale ya kufanya ugali upoe mezani. Lakini siku hiyo alikaa tu kwenye nyasi kando ya mwanamke tusiyemjua, akamshikia kikombe kwa sababu mikono ya yule mama ilikuwa inatetemeka. Hakumwambia ati Mungu ana mpango. Tukiwa kwa matatu ya kurudi Nakuru nikamuuliza mbona hakusema kitu.

"Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, kimya," akanijibu. "Walipofungua mdomo ndio wakaharibu."

Mama alituacha mwaka jana. Kwenye matanga, kwetu Free Area, midomo ilifunguliwa kweli kweli. Mungu huchuma ua lililo zuri. Usilie sana, kulia ni kukosa imani. Hilo la mwisho lilinikera hadi leo. Nilitaka kuwauliza kama wamewahi kusoma Yohana sura ya 11. Yesu alifika Bethania akijua kabisa kwamba atamfufua Lazaro, na bado akalia. Martha akamlaumu kwa kuchelewa, naye hakumkemea. Mimi naamini ufufuo, kuna siku naamini kwa shida sana, lakini sijaona mahali unapomruhusu mtu kuruka machozi.

Usiku wa tatu, wageni wakiwa wameenda, mama mmoja wa kanisa alibaki jikoni akisugua sufuria zilizoungua. Nikachukua nyingine nikaketi karibu naye. Hatukuongea. Alipomaliza alipangusa mikono, akanimiminia chai kutoka kwa thamosi ya Mama, ile ya buluu iliyovunjika kishikio tukitoka Solai. Ndicho kitu cha kwanza kilichoshuka kooni wiki hiyo.